Maiti Kwenye Theluji: Mwongozo wa Kuandika Riwaya ya Upelelezi ya Alaska

Kuna jaribio dogo ninalolifanya kila ninapopewa muswada wa upelelezi uliotokea nchi za baridi kali. Naifuta theluji yote, naweka mvua ya masika mahali pake, kisha nasoma tena. Mara nyingi hadithi haitikisiki. Mpelelezi bado anafika kwa gari, majibu ya maabara bado yanarudi jioni ile ile, muuaji bado anakamatwa njiani kuelekea uwanja wa ndege. Theluji ilikuwa pambo tu, kama maua ya plastiki mezani.

Naipenda sana aina hii ya riwaya, ndiyo maana nataka iandikwe vizuri kwa Kiswahili. Kanuni yangu ni moja: baridi ipewe kazi. Ifiche, icheleweshe, idanganye, na ikibidi yenyewe ndiyo iue. Hatua zifuatazo nimezipanga kwa utaratibu ninaoutumia, na nitatunga kesi moja ya mfano tutakayokwenda nayo.

Hatua ya 1: Chagua mahali penye jina

"Kaskazini" si mahali. Alaska, jimbo la Marekani, peke yake ina kilomita za mraba zaidi ya milioni 1.7, karibu mara mbili ya Tanzania, na sensa ya 2020 ilihesabu watu 733,391 tu. Ndani ya eneo hilo kuna visiwa vya kusini-mashariki ambako mvua haikatiki, misitu ya misonobari kuzunguka mji wa Fairbanks, na mbuga za ukanda wa Aktiki zisizoota mti. Muuaji anayejificha msituni kwenye eneo lisilo na msitu atakuaibisha mbele ya msomaji makini.

Mimi nimechagua Bethel, mji wa watu 6,000 na ushei kando ya mto Kuskokwim, magharibi mwa Alaska. Hakuna barabara inayouunganisha na Anchorage, jiji kubwa la Alaska, lililo umbali wa kilomita 640 hivi. Unafikika kwa ndege, na majira ya joto kwa matishari ya mizigo. Umezungukwa na vijiji zaidi ya 50, vingi vikiwa vya Wayup'ik, wenyeji wa delta ya mto huo tangu kale. Mji wenyewe unajulikana kwa teksi zake, na madereva wengi ni wahamiaji kutoka Albania na Korea. Mwandishi wa upelelezi apewe nini tena? Dereva teksi aliyetoka mbali huona nani kashukia wapi usiku.

Jambo jingine litamgusa msomaji wa Mbeya au Tabora. Bethel ilianzishwa na wamisionari wa Moravian mwaka 1885, miaka sita kabla ya Wamoravian kufika Rungwe. Ukitaka mhusika Mtanzania aingie huko kwa mlango wa kweli, usimlazimishe kuwa jasusi. Mfanye mgeni wa kanisa.

Hatua ya 2: Chora kalenda kabla ya njama

Chukua karatasi, andika miezi 12, kisha mbele ya kila mwezi andika: watu wanasafirije?

Kiangazi ni boti. Mto ukishaganda ni pikipiki za theluji, ambazo wenyewe huziita mashine za theluji, na barafu ikinenepa vya kutosha mto wenyewe unakuwa barabara: unasafishwa kwa greda, na magari na teksi hupita juu yake kwenda vijijini. Kuna vipimo ambavyo watu wa barafu hutumia kama kadirio. Barafu safi ya sentimita 10 hubeba mtu kwa miguu, sentimita 13 na zaidi hubeba mashine ya theluji, na gari dogo linataka 20 hadi 30. Barafu nyeupe yenye theluji ndani yake ni dhaifu zaidi. Hata Januari kuna mashimo ambayo mkondo wa maji hauyaachi yagande, na wajitolea wa uokoaji huyawekea alama.

Kilicho muhimu zaidi ni majuma ya katikati, mto unapoanza kuganda karibu Oktoba na unapopasuka karibu Mei. Boti haipiti kwa sababu ya vipande vya barafu, na mashine ya theluji itazama. Kijiji kimebaki na ndege ndogo tu, na ukungu ukishuka hata hiyo haitui. Hapo umepata chumba kilichofungwa bila kujenga kuta: watu 400, muuaji mmoja, na hakuna aliyetoka.

Kwa mfano wetu nimechagua Januari. Wakristo wa Kiorthodoksi wa delta hiyo husherehekea Krismasi kuanzia tarehe 7 Januari, sherehe wanayoiita Slaaviq. Watu hubeba nyota kubwa inayozungushwa, wakaenda nyumba kwa nyumba wakiimba na kula, hadi usiku wa manane, siku baada ya siku. Kila mtu ameonekana na watu 60. Na kila mtu angeweza kuchomoka nusu saa bila kukosekana.

Hatua ya 3: Shughulikia saa, maana Kiswahili kitakusaliti

Hapa ndipo mwandishi wa Kiswahili ana tatizo ambalo wengine hawana, na akilishika vizuri linageuka mtaji.

Saa zetu zinahesabiwa kwa jua. Msomaji akisoma "saa tatu asubuhi" anaona mwanga, kuku wamekwishatoka, watoto wako shuleni. Lakini Bethel, mwishoni mwa Desemba, jua huchomoza karibu saa tano asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Shahidi anayesema "nilimwona saa tatu asubuhi akipita mtoni" amemwona gizani. Aliona koti, taa ya mashine, na namna ya kukaa. Uso hakuuona. Juni mambo yanapinduka: jua huzama baada ya saa sita usiku, na anayesema "ilikuwa usiku, sikuona kitu" anadanganya.

Ukipanda zaidi hadi Utqiaġvik, ncha ya kaskazini kabisa ya Alaska, jua likizama karibu tarehe 18 Novemba halionekani tena kwa siku kama 65. Huko neno "asubuhi" linabaki la saa ya ukutani tu.

Basi katika sura tatu za kwanza, kila unapotaja saa, taja na mwanga unaotoka wapi: taa ya mlangoni, mwezi juu ya theluji, tochi ya kichwani. Sura ya nne msomaji atakuwa amezoea, nawe unaweza kumtega. Mpelelezi mgeni aandike kwenye daftari "saa tatu asubuhi" bila kufikiri, na msomaji aliyekuwa makini amtangulie.

Hatua ya 4: Muue mtu kwa baridi, kisha soma mwili wake

Kesi yetu ni hii. Kijana mmoja anapatikana amekufa juu ya mto, kilomita nne kutoka kijijini, siku ya pili ya Slaaviq. Yuko na shati tu. Buti moja limevuliwa. Mashine yake iko hatua 30 nyuma, tangi halina petroli. Koti lake liko kando, limekunjwa.

Mpelelezi asiyejua baridi ataona wizi au shambulio. Anayeijua atakumbuka jinsi baridi inavyoua. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu hutetemeka kwa nguvu na vidole vinakufa ganzi: hawezi kuwasha kiberiti, hawezi kufunga zipu. Likishuka zaidi, kutetemeka kunakoma na akili inavurugika. Mwishoni baadhi yao huhisi wanaungua, wakaanza kuvua nguo, na wengine hujipenyeza mahali pafinyu kama mnyama anayetafuta shimo. Kwa hiyo maiti iliyovuliwa nguo kwenye theluji inaweza isiwe na mkono wa mtu kabisa.

Ila koti limekunjwa. Mtu anayekufa kwa baridi huzirusha nguo ovyo, na vidole vyake haviwezi kukunja kitu. Mikono iliyolikunja koti lile, mikono ya koti juu ya kifua, kofia ndani, kama linavyokunjwa la mtoto aliyelala, ilikuwa na joto. Kuna mtu alirudi. Hapo ndipo kesi inapofunguka, na silaha bado hakuna, kwa sababu kilichomuua ni petroli iliyonyonywa kwa mpira usiku watu wakiimba. Nyuzi 30 chini ya sifuri zilimaliza kazi.

Huku ndiko kuua kunakofaa mahali hapa. Kumnyima mtu mafuta, glavu, au moto ni kumuua, na kulithibitisha mahakamani ni kazi ngumu.

Saa ya kifo nayo isahau. Mbinu za kawaida, yaani joto la maiti, kukakamaa kwa misuli, wadudu, zote zinakwama. Maiti iliyoganda ni ngumu kama gogo, na ugumu huo hauhusiani na kukakamaa kwa misuli. Inzi hakuna. Mwili utasafirishwa kwa ndege hadi ofisi ya mchunguzi wa vifo wa jimbo, Anchorage, na huko utayeyushwa polepole kwenye baridi ya friji kwa siku kadhaa kabla ya kupasuliwa, maana ukiharakishwa, nje kutaanza kuoza wakati ndani bado barafu. Majibu uliyotaka kuyaweka sura ya tatu yaweke sura ya tisa.

Ukitaka kumfanya msomaji ainuke kitini, kumbuka pia msemo wa madaktari wa nchi za baridi: mtu hajafa mpaka awe amekufa akiwa na joto. Anna Bågenholm, daktari Mswidi, alinasa chini ya barafu karibu na Narvik, Norwe, Mei 1999, joto la mwili wake likafika nyuzi 13.7, akafufuliwa na kupona. Lakini itumie mara moja tu, na kwa heshima.

Badala ya saa ya kifo, mpe mpelelezi saa nyingine. Mafuta yaliyobaki kwenye jiko la kupasha nyumba. Unene wa barafu ndani ya ndoo ya maji baada ya jiko kuzimika. Mbwa waliokosa chakula. Tabaka za theluji, zinazolinganishwa na kumbukumbu za hali ya hewa za kiwanja cha ndege: kama nyayo ziko chini ya theluji iliyoanguka saa nne usiku, aliyezikanyaga alipita kabla.

Hatua ya 5: Ushahidi unaoyeyuka

Unyayo hugandamiza theluji, na theluji iliyogandamizwa ni ngumu. Upepo ukivuma usiku kucha hupeperusha ile laini pembeni, na asubuhi nyayo zinabaki zimeinuka juu ya uso wa mto, kama vigoda vidogo vilivyopangwa mstari. Sijui taswira nzuri kuliko hiyo katika upelelezi wote wa baridi. Muuaji aliuomba upepo ufute nyayo zake, upepo ukazisimamisha.

Kuzichukua kuna ufundi wake. Plasta inapokauka hutoa joto, na joto huyeyusha kile unachotaka kukihifadhi. Wataalamu hupulizia kwanza nta maalumu yenye rangi, au huyeyusha salfa na kuimimina, nayo huganda haraka ikigusa theluji. Picha hupigwa na mwanga wa pembeni, maana ukimulika kutoka juu weupe unameza kila kitu.

Vitu vidogo vinavyouthibitisha ukweli wako: kalamu ya wino huganda, kwa hiyo mpelelezi anaandika kwa penseli. Betri ya kamera inakaa kifuani, chini ya shati. Kamera ikiingizwa ndani ya nyumba yenye joto inapata ukungu kwenye lenzi. Ganda la risasi la moto hujizamisha kwenye theluji na kupotea. Bunduki iliyopakwa mafuta mazito inaweza kukataa kulia, ndiyo maana wawindaji huyafuta mafuta hayo baridi ikiingia.

Wanyama pia. Dubu wa kahawia au mweusi hulala usingizi wa majira ya baridi, basi usimlete Januari kula ushahidi. Kunguru wapo mwaka mzima, na mbweha pia.

Hatua ya 6: Nani anakuja, na lini

Polisi wa jimbo wa Alaska ndio wanaoshughulikia mauaji vijijini, na kituo cha eneo hili kiko Bethel. Kijijini kwenyewe, kama kuna bahati, yupo ofisa mmoja wa usalama wa kijiji, chini ya mpango ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa miaka mingi maofisa hao hawakuruhusiwa kubeba bunduki. Sheria ilibadilishwa mwaka 2014. Vijiji vingine havina ofisa yeyote.

Mfanye ofisa huyo awe mhusika wako mkuu. Ni mzaliwa wa hapo au ameoa hapo. Marehemu ni mpwa wa jirani yake. Simu ya Bethel imemwambia ndege haitui mpaka ukungu uondoke, labda kesho, labda keshokutwa. Maiti ameilaza kwenye banda lisilo na moto, amefunga kufuli, na ufunguo anao shingoni. Kuanzia hapo mpaka ndege itue anaishi na muuaji, wanakutana kwenye jengo la kufulia na kuchota maji ambako kijiji kizima hupita. Siku mbili hizo ni nusu ya riwaya yako. Usizirukie.

Hana siri vilevile. Nyumba nyingi huwa na redio ya upepo iliyowashwa kutwa: mtu anatangaza ana samaki, mwingine anaulizia mwanawe. Neno moja likitoka hewani, limesikika kila jikoni.

Hatua ya 7: Sababu ya kuua, na heshima kwa wenye nchi

Sheria ya Alaska inaruhusu kijiji kupiga kura na kuzuia pombe, kuiuza, kuiingiza, hata kuwa nayo. Vijiji vingi vya delta vimefanya hivyo, kwa sababu wamezika watoto wao. Chupa moja ya magendo huko huuzwa mara kadhaa ya bei ya mjini. Marehemu wetu alikuwa akiileta kwa mashine ya theluji, chupa chache kila safari. Aliyenyonya petroli ni shangazi yake, ambaye mwanawe alikunywa moja ya chupa hizo Novemba na hakurudi nyumbani. Ndiye aliyelikunja koti.

Tazama kwamba sababu hiyo imetoka ardhini pale. Haikuletwa na mfuko wa almasi uliodondoka kutoka kwenye ndege.

Sasa nizungumze kwa uzito. Wanawake wa jamii za asili za Alaska na Kanada wameuawa na kupotea kwa wingi, na familia zao bado zinawatafuta. Usimtumie mmoja wao kama maiti nzuri ya ukurasa wa kwanza isiyo na jina wala mama. Ukiandika juu yao, mpe marehemu kazi, mdomo, deni, wimbo anaoupenda. Jihadhari pia na mzee mwenye busara anayetoa mafumbo na kutokomea kwenye ukungu. Mzee wa Kiyup'ik aliyezaliwa miaka ya 1950 huenda alipelekwa shule ya bweni mbali na kwao, maana sekondari nyingi za vijijini zilijengwa baada ya makubaliano ya kesi ya Tobeluk dhidi ya Lind, mwaka 1976. Anajua mahakama ni nini. Ana sababu ya kutomwamini mgeni mwenye sare.

Mahojiano yaandike ukijua hili: Wayup'ik wengi husema "ndiyo" kwa kuinua nyusi, bila sauti. Mpelelezi kutoka Anchorage ameinamisha kichwa anaandika kwa penseli yake. Anauliza, "Ulimwona usiku ule?" Kimya. Anaandika: *hakujibu*. Ofisa wa kijiji aliyesimama mlangoni ameliona jibu. Atalisema au hatalisema?

Hatua ya 8: Msako

Kama unataka mtu akimbizwe, soma kwanza kisa cha aliyeitwa Albert Johnson, kaskazini mwa Kanada. Tarehe 31 Desemba 1931 alimpiga risasi askari aliyekuja kibandani kwake karibu na mto Rat. Walikilipua kibanda kwa baruti, akatoka akipigana. Alimuua askari Edgar Millen mwishoni mwa Januari, akavuka milima ya Richardson wakati wa baridi, akichanganya nyayo zake na za makundi ya karibuu, aina ya kulungu wa kaskazini. Ndege ya rubani Wop May ndiyo iliyowasaidia askari kuikuta njia yake, na Johnson aliuawa tarehe 17 Februari 1932. Jina lake la kweli halijajulikana hadi leo.

Kinachofundisha hapo ni hesabu: anakula nini, analala wapi, anawasha moto mdogo kiasi gani moshi usionekane. Andika msako wako kwa kalori na kuni.

Hatua ya 9: Kiswahili cha baridi

Wengine husema Kiswahili hakina maneno ya kazi hii. Si kweli. Tuna *theluji* kutoka Kiarabu na *barafu* kutoka Kiajemi, ambako neno lake lilimaanisha theluji. Tuna *jalidi* na *sakitu* kwa ule ukoko mweupe wa alfajiri, wanaoujua vizuri watu wa Njombe na Makete. Tuna *kuzizima*, *kuganda*, *ganzi*, *kipupwe*. Tenga kazi zake: theluji ianguke na kupeperushwa, barafu ipasuke na kulia, jalidi iote kwenye kope na ndani ya kioo cha dirisha.

Usiandike "baridi kali" zaidi ya mara tatu katika kitabu kizima. Onyesha mate yanavyoganda kwenye skafu, msumari wa mlango unavyong'ata ngozi ya kidole, mtu anavyokohoa akivuta pumzi ya kwanza nje.

Ukimaliza rasimu, rudi kwenye jaribio nililoanza nalo. Futa theluji, weka mvua ya masika, na kila ukurasa uliobaki umesimama bila kutikisika uwekee alama ya penseli pembeni. Anza kuandika upya kutoka hapo.